Bugaluu ya Marehemu

Kabla hajafungua mlango, Shomvi alisikia mkasi ukila kitambaa kizito. Ndani alimkuta mama yake mkekani, anakata bugaluu ya marehemu baba, suruali iliyofagia barabara enzi za ujana wao.

"Unampunguzia nani, Mama?"

"Siku hizi watu wanavaa za kubana, mwanangu."

"Watu gani? Mguu wangu haupiti hapo."

Mama hakuinua uso. "Kilumanga, fundi saa. Anataka kunioa. Ijumaa anakuja kukuomba ruhusa."

"Yaani aje kuniomba kavaa suruali ya baba!"

Mkasi ukasimama. Mama akaviokota vipande vya pembe tatu, akavikusanya mapajani.

"Usipomtaka, Shomvi, nakuahidi, vyote hivi nitavirudishia mahali pake."