Mchezo Ambao Haujakamilika

Zachariah Ogeto, mzee wa kanisa, alikuwa amejificha bandani akilisha ng'ombe ambao hawapo. Ng'ombe wake halisi alisimama nyuma yake akililia majani, na mvua ya Sironga ilikuwa inapiga mabati kama kawaida yake ya mchana. Yeye macho kwenye simu, akibonyeza kwa kidole kimoja kilichokomazwa na jembe.

Saa kumi mchezo ungefungwa. Wenye mchezo walikuwa wametangaza: kipindi cha majaribio kimekwisha, mashamba na nyumba zote zitafutwa, mchezo wenyewe utafunguliwa mwakani. Kwa hiyo kama alikuwa na neno la kumwambia mwanawe, ilikuwa ni leo.

Na mwanawe hakuwa mbali. Alikuwa pale pale bomani, ndani ya esaiga yake, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango. Lakini Ombui alikuwa hasemi na mtu tangu Aprili. Na kwa Wakisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa, hata iweje. Mama naye huishia mlangoni: anaweka sahani, anabisha, anaondoka.

Balaa lilianzia kwenye mchezo huu huu. Ombui alikuwa amemaliza chuo, kazi hakuna, kompyuta ndiyo rafiki. Siku moja akaja kumwomba babake pesa kidogo. Kuna mchezo wa mtandaoni wa kulima na kujenga, alisema, bado haujatoka, lakini ukilipa unaingia mapema na wale wa kwanza. Alikuja wakati mbaya, sebule imejaa wageni wa kanisa.

"Mnasikia?" Zachariah akawaambia wageni. "Anataka kulipia mchezo ambao haujakamilika. Si ajabu. Hata yeye mwenyewe hajakamilika."

Wageni wakacheka. Pesa hakupewa. Ombui akatoka, akajifungia, na tangu siku hiyo ikawa ni mwanga wa kompyuta tu chini ya mlango. Zachariah alifunga na kuomba. Alienda akakohoa nje ya ile esaiga mpaka koo likamuuma. Wapi. Bila shaka kijana alikuwa amezipata zile pesa kwingine, akahamia huko kwenye mchezo wake.

Ndipo mzee akaenda kwa Ochoki, mwenye duka la simu pale sokoni, akiwa na bonasi yake ya mauzo ya majani chai mfukoni.

"Niingize kwenye huo mchezo," alisema, bila kumtazama usoni.

"Mzee, huo bado wanaujaribu," Ochoki akasema. "Unalipa halafu ni wewe unawatafutia makosa yao. Mimi ningengoja." Kisha akatabasamu. "Lakini sijui mmeingiwa na nini, nyinyi wazee. Haya, lete simu."

Kumpata kijana huko ndani kulikuwa kazi. Alizunguka misitu ya watu asiowajua, akatumbukia kwenye mashimo ambayo wenye mchezo hawakuwa wameyaziba. Mwishowe, kando ya mto, akamkuta mchezaji aitwaye Ritoke. Ritoke, yaani ndizi. Nani mwingine angejiita hivyo kama si Mkisii? Na boma la huyo Ritoke lilikuwa boma lao lenyewe: migomba nyuma ya jiko, tangi la maji limeinama upande, esaiga karibu na lango. Zachariah alilia pale pale bandani. Esaiga tu ndiyo ilikuwa tupu ndani, haina kitanda, haina hata kiti. Alijua hayo ni maumivu ya kijana, na kwamba aliyeyasababisha ni yeye.

Ritoke hakuwa mtu wa maneno mengi. La kwanza aliloandika lilikuwa, "Umekula?" Basi kila siku akawa anaacha mkungu wa ndizi langoni kwa Zachariah, na Zachariah naye akawa anamlimia na kumjengea ua. Hawakuulizana majina. Zachariah alihofia kwamba akijitaja tu, kijana atatoka asirudi tena. Hata Ritoke alikwenda taratibu, kama mtu anayemnyemelea kuku asimshtue.

Mzee akawa mpole hata nyumbani. Kuku wawili walipopotea, na mkewe Nyanchoka akasema ni kicheche, hakugomba. Jioni mke na mume walikaa kila mmoja na mawazo yake. Mara nyingi alitamani kumwambia, "Mama Ombui, nimempata." Lakini aliufunga mdomo. Mwanamke angekimbia kule kwenda kubisha, aharibu kila kitu.

Sasa mvua ikakatika. Zilibaki dakika chache. Kwenye simu, Ritoke alikuwa amesimama mbele ya boma lake, hasogei, kama anayeliaga. Zachariah akavuta pumzi, akaanza kuandika.

"Ombui, ni baba. Nilikuaibisha mbele ya watu. Asiyekamilika ni mimi. Nisamehe, mwanangu, ufungue mlango."

Akasoma mara mbili, akatuma.

Akainua macho akautazama mlango wa esaiga. Ulikuwa umefungwa, na sahani ya mchana ilikuwa bado iko pale chini, imejaa maji ya mvua. Boma zima lilikuwa kimya. Kisha kule jikoni simu ikalia mara moja, na kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni.

Jibu likaingia.

"Baba Ombui, kumbe ni wewe?"