Namba Nne

Sheria inasema rimoti ya kifaa cha ubongoni akae nayo mtoto wa kwanza wa mgonjwa. Ya mama yangu, Bi Mwanaidi, ninayo mimi. Dawa za kutetemeka zilimkataa, lakini nikiweka namba tatu mikono inatulia na anasuka ukili wa mikeka kama zamani.

Jana alasiri nilimwomba tena radhi zake niolewe na Mbwana.

"Yule ameshazika wake wawili, Mishi. Mimi nikiwa hai, hapana."

Nilikuwa nimechoka kubembeleza. Nikapandisha hadi nne, ingawa daktari alionya kuwa nne hailegezi misuli tu, inalegeza na msimamo wa mtu.

Mama akaweka ukili chini, akatabasamu. "Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo."

Nikambusu mkono. Haukutikisika hata kidogo.

Leo asubuhi nimerudisha tatu, nikasubiri agombe. Hakugomba. Nikashusha mbili, kisha moja, mwisho nikazima kabisa. Mikono ikaanza kutetemeka, ukili ukamponyoka, lakini tabasamu likabaki palepale.

"Mama, Mbwana ameshazika wake wawili," nikamwambia.

"Najua, mwanangu," akajibu kwa upole. "Unataka nikubali nini kingine?"