Terazo ya Hajji Abdul-Latif

Husnah alikikwaruza kipande cha terazo, sakafu ya saruji na vijiwe, kwa msumari, akapuliza vumbi, akatafuta alama. Wapi!

"Hii, Hajji. Vigae waachie matajiri wa Ntinda."

Mwenye duka akacheka. Hajji Abdul-Latif, mwenye nyumba wa Husnah, hakucheka.

"Itabeba uzito?"

"Ikimbeba jirani yangu Mama Bonny, hata trela itabeba!" Husnah akajibu.

"Na toroli zikipita kutwa?"

"Zipite!"

"Ila ikilowa inateleza," mwenye duka akaonya. "Watoto wataanguka."

"Hakuna mtoto atakayeanguka," alisema Hajji.

Husnah alijiona malkia. Kati ya wapangaji wote wa ile safu ya vyumba kule Kibuli, yeye ndiye aliyepandishwa gari kwenda kuchagua sakafu. Tena na Hajji huyuhuyu aliyetaka kuwafukuza wote, mpaka mwenyekiti wa mtaa akakata shauri: mtu asitolewe chumbani mwake kwa nguvu. Tangu hapo walikuwa wameganda kama kupe. Na sasa, tazama, Hajji kalainika. Sakafu mpya, kisha kila mtu arudi kwake.

Tatizo moja tu: terazo humwagwa na kusagwa vyumba vikiwa vitupu. Mama Bonny akagoma mlangoni.

"Sitoki mimi. Nikitoka, narudi wapi?"

"Mama Bonny, sakafu yako ina mashimo mpaka panya wamepangisha! Toka bwana. Hiyo mpya nimeichagua mimi mwenyewe, dhamana ni mimi."

Akamtolea godoro kwa mikono yake. Wapangaji wenzao, Obwona na mzee Kamis, walipoona hivyo, nao wakaanza kufunga mizigo.

Huko Kalerwe, alikojihifadhi kwa dada yake, Husnah aliisifu sakafu yake hadi wauza ndizi wakamkimbia.

Siku ya kurudi alitangulia mbele, wenzake nyuma na mabeseni vichwani. Milango yote ilikuwa imezibwa kwa matofali. Lilikuwepo lango moja tu, la chuma, jipya. Hajji akalisukuma, akatabasamu.

"Karibu, binti yangu. Njoo uone kazi yako."

Terazo iling'aa kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho, pasipo ukuta hata mmoja katikati. Juu yake, magunia ya unga yalikuwa yamefika darini.

Mama Bonny, mtoto mgongoni, hakumtazama Hajji. Alimtazama Husnah.