Bao la Ukutani

Mabati ya ujenzi yalipoondolewa, Bi Shemsa aliliona jiwe la bao, lililolala pale uwanjani miaka yote, sasa limesimamishwa wima ukutani, limepakwa vanishi, na taa juu yake kama picha ya harusi. Mashimo yale aliyachonga marehemu mumewe. Mji mzima ulichezea hapo: wachuuzi, mahamali, hata kadhi.

Kwanza uwanja ulivunjwa ili iwekwe sanamu. Ukavunjwa tena, ikajengwa chemchemi isiyowahi kutoa maji. Safari hii wamejenga mkahawa.

"Tumewahifadhia urithi wenu, mama," alisema mhandisi Badru kwa tabasamu pana.

Bi Shemsa alifungua pindo la kanga, akatoa kete za mumewe, akammiminia mkononi.

"Haya, baba. Cheza."

Mhandisi akacheka. Watu waliokuwa wamewazunguka hawakucheka.

"Nimesema cheza!"

Mhandisi akatia kete shimoni. Ikaanguka, ikabingirika juu ya marumaru. Akatia nyingine, nayo ikaanguka. Bi Shemsa akainama, akaziokota zote mbili, akamrudishia kiganjani.

"Tena."