Sampuli Namba Saba

"Namba saba tuifute," alisema mwenyekiti. "Inatuharibia wastani."

Nilijiunga na kikundi hiki kwa kujitolea, tuandike mwongozo wa uimara wa faibaglasi, plastiki yenye nyuzi za kioo, ambao watengeneza ngazi watauamini. Namba saba niliiloweka mwenyewe majini wiki mbili, ikavunjika kwa nusu ya uzito unaotakiwa.

"Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, hata wa shemeji yangu, fundi umeme, anayepanda ngazi hizo mvua ikinyesha!

Nikakibwaga kile kipande kilichovunjika mezani mbele yake. Nyuzi zilikuwa zimechanuka kama mswaki uliochakaa.

"Shemeji, siku ngazi ikikuvunjikia, dada yangu nitamwambia nini?"

Alikiokota kwa mkono wa kushoto, akakigeuzageuza. Wa kulia ulikuwa bado juu.