Birika la Kunawia

Siku aliposimikwa kuwa mzee wa kanisa, Eunike alivishwa shada la maua na kukalishwa meza ya mbele, kando ya mchungaji. Pilau ilipopakuliwa, msichana alikuja na birika na beseni kuwanawisha watu. Eunike akainuka, akampokea vyombo hivyo.

"We mama, kaa!" jirani yake akamvuta kitenge. "Tumekuchagua utuongoze, si utunawishe. Kesho watakuita kijakazi."

"Waniite tu," akajibu kwa sauti ndogo.

Akaanza na mchungaji, akashuka kwenye mikeka, hadi pembeni alipoketi Damari. Huyu ndiye Eunike aliyemshinda kwenye kura, na asubuhi alikuwa ametangaza kwamba hatakula sinia moja na Eunike, amekuja kuaga tu, anahama kanisa. Akiondoka, nusu ya kwaya itamfuata.

Eunike akapiga magoti. Shada likaning'inia mpaka kwenye maji machafu ya beseni.

"Karibu unawe, dada."

"Nawisha wenye njaa," Damari akasema, mikono ameificha ndani ya khanga.

Watu wakaguna. Katika kanisa lile hakuna aliyeonja chakula kabla wote hawajanawa.

"Mzee Eunike, mwache," mchungaji akaita. "Pilau inapoa."

"Pilau hupashwa moto, mchungaji," akajibu bila kugeuka.

Akabaki palepale, birika likimlemea, maji yakidondoka tone kwa tone mbele ya Damari. Ndani ya khanga, mikono ya Damari ikasogea.