Mirija Miwili ya Ulyankulu

Baba yake Jeska aliinamia chungu cha pombe ya mtama, mrija ukikaribia mdomo wake. Mrija wa pili aliushika baba wa mchumba. Wakinywa pamoja, Jeska ameolewa.

Baba alitoka Rwanda, mkwe wake huyo Burundi. Mpaka wao ulikuwa umefungwa, ndiyo maana walikutania huku Ulyankulu, Tanzania, nyumbani kwa shangazi.

"Kunywa, kaka," shangazi alitania. "Pombe haiulizwi pasipoti!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Zamani, mpaka ukiwa wazi, alimpelekea mkwe huyu viazi asubuhi, jioni akarudi na dagaa.

"Mkwe, nikifa, mwanangu atazunguka njia yote hii akute nimeshazikwa?"

"Wakubwa wa nchi zetu watapatana tu."

"Na wasipopatana?"

Mkwe akainamisha macho chunguni.

Baba akauchomoa mrija. Povu likadondokea kiatu chake alichokuwa amekipiga kiwi tangu alfajiri.

Jeska akapiga magoti. Akaushika mkono wa baba, ukiwa bado na mrija, akaurudisha polepole juu ya chungu.

"Kunywa, baba," alisema. "Nitakulilia leo, ungali unanisikia."